Xibalba ya Wamaya si jehanamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nisahihishe makala iliyochapishwa Jumamosi iliyopita katika ukurasa wenu wa utamaduni, ile iliyohusu mapacha mashujaa wa Wamaya wa Guatemala. Nilifurahi kuiona, kwa sababu si kila wiki gazeti la Kiswahili hutenga ukurasa mzima kwa masimulizi ya watu wa Amerika ya Kati, na mjukuu wangu wa darasa la sita, ambaye kwa kawaida hulifungua gazeti kutafuta matokeo ya mpira tu, aliisoma mpaka mwisho. Ila alipomaliza akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Babu, hao watu wa jehanamu ya Wamaya walifanya dhambi gani?" Nikairudia makala, nikakuta mwandishi ameiita Xibalba, nchi ya chini ya ardhi katika masimulizi hayo, jehanamu kutoka aya ya kwanza hadi ya mwisho, watawala wake akawaita mashetani, na mapacha Hunahpu na Xbalanque akawafanya kama malaika wa haki walioshuka kuwaadhibu waovu. Mtoto alisoma sawasawa, na swali lake lilitokana na maneno aliyopewa. Kosa lipo kwenye maneno yenyewe.

Xibalba haina moto wa kuwachoma wakosefu, wala haina mizani ya kupimia matendo. Kitabu cha Wakiche, mojawapo ya mataifa ya Wamaya wa Guatemala, kiitwacho Popol Vuh, ambacho ndicho kilichoihifadhi hadithi hii kwa ukamilifu zaidi kuliko maandishi mengine yoyote yaliyotufikia, kinawataja watawala kumi na wawili wa huko, na kinaeleza kazi ya kila mmoja kwa uwazi ambao haumwachii msomaji shaka. Wakuu wao ni Hun Came na Vucub Came, yaani Kifo Moja na Kifo Saba. Chini yao wapo Xiquiripat na Cuchumaquic, ambao kazi yao ni maradhi ya damu. Ahalpuh na Ahalcana, ambao huvimbisha miguu ya watu ikatunga usaha na kuwageuza nyuso zikawa za manjano. Chamiabac na Chamiaholom, wenye fimbo za mifupa, ambao humkondesha mtu mpaka akabaki mafupa matupu. Ahalmez na Ahaltocob, ambao humvamia mtu mwenye taka nyuma ya nyumba yake. Na Xic na Patan, ambao humbana msafiri kifua akafa ghafla njiani huku damu ikimtoka kinywani. Hao ni maradhi na ajali zilizopewa majina na viti vya enzi. Homa ya manjano haimuulizi mtu kama alilipa madeni yake, na Xic hangoji kujua kama msafiri alikuwa akienda kuiba au kumjulia hali mama yake.

Majina hayo ya nambari yasimshangaze msomaji. Kalenda takatifu ya Wamaya, ambayo bado inafuatwa na wahesabu siku katika miji ya nyanda za juu za Guatemala kama Momostenango, ina siku 260, na kila siku hutajwa kwa nambari kati ya 1 na 13 pamoja na jina moja kati ya majina ishirini. Came ni jina la siku mojawapo, na maana yake ni kifo. Hunahpu nalo ni jina la siku. Sisi tunaosema Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, na tulio na jamaa waitwao Jumanne kwa kuwa walizaliwa siku hiyo, hatuna sababu ya kuliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Jehanamu iliingiaje basi? Si mwandishi wenu aliyeanza. Mwaka 1524 Pedro de Alvarado, mtekaji Mhispania, aliuteketeza mji mkuu wa Wakiche uitwao Q'umarkaj na kuwaua watawala wake. Kiasi cha miaka thelathini baadaye, katika miaka ya 1550, watu wa koo za kitawala za Wakiche, ambao hawakuandika majina yao, waliyaandika masimulizi yao kwa lugha yao wenyewe lakini kwa herufi za Kilatini walizofundishwa na mapadri, wakasema waziwazi kwamba wanaandika chini ya Ukristo kwa kuwa kitabu chao cha zamani hakionekani tena. Mwanzoni mwa karne ya 18, kati ya mwaka 1701 na 1703, padri Mdominiko aitwaye Francisco Ximénez, aliyekuwa akihudumu Chichicastenango, alipewa hati hiyo, akainakili kwa safu mbili, Kikiche upande mmoja na Kihispania upande wa pili. Hati ya asili imepotea, na nakala ya padri ndiyo iliyobaki; leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Newberry mjini Chicago. Tunamshukuru kwa kuinakili, maana bila yeye tusingekuwa na chochote cha kubishania. Lakini katika safu yake ya Kihispania, kila alipokutana na Xibalba aliandika neno la Kihispania la jehanamu, kwa kuwa mapadri wenzake walikuwa wamekwisha kulichukua neno Xibalba na kulitumia katika mahubiri kumwelezea shetani na makazi yake. Makala yenu imefuata safu ya pili ya padri na kuiacha ya kwanza.

Nalo jambo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kwa namna ya pekee, kwa sababu lugha yetu haina shida ya kupata neno. Tunayo matatu, na kila moja lina mahali pake. Jehanamu ni moto wa adhabu, na hakuna Mwislamu wala Mkristo anayelisikia asifikirie hukumu. Ahera ni maisha yajayo kwa jumla, ya wema na ya wabaya. Kuzimu ni neno la kale la Kibantu, ndugu wa mzimu na mizimu, na maana yake ni mahali walipo wafu chini ya ardhi, bila kusema waliishi vizuri au vibaya. Ndiyo maana hata wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilitumia kwa makao ya wafu wote na wakaiweka kando jehanamu kwa ajili ya moto. Mimi ni mtu wa Tanga, na nikiwa kijana niliyaona mapango ya Amboni ambamo watu walikuwa wakiacha ubani na vitambaa kwa ajili ya mizimu. Hakuna aliyekwenda pale akidhani anagonga mlango wa jehanamu. Wamaya wengi nao wanaishi juu ya nchi ya mawe ya chokaa yaliyotobolewa na mapango na visima vya asili, na kwao mdomo wa pango ulikuwa njia ya kushukia Xibalba. Katika pango la Naj Tunich, huko Petén, jimbo la kaskazini mwa Guatemala, kuta zimechorwa watu na kuandikwa maandishi ya karne ya 8, na miongoni mwa waliochorwa yupo mchezaji mpira. Kuzimu, basi, ndilo neno, au tuiache Xibalba iitwe Xibalba.

Tofauti hii si ya maneno matupu, kwa maana mtu akishasema jehanamu, hadithi yote inapinda. Chukueni kifo cha baba yao mapacha. Makala yenu inasema Hun Hunahpu, ndiye baba huyo, na ndugu yake Vucub Hunahpu waliitwa kuzimu kwa sababu ya kiburi chao. Popol Vuh inasema waliitwa kwa sababu ya kelele. Walikuwa wakicheza mpira kwenye uwanja uliokuwa juu ya njia ya Xibalba, na vishindo vyao vikawasumbua watawala waliokuwa chini, ambao pia waliyatamani mavazi yao ya kuchezea. Wakatuma bundi wanne kuwaita. Nao wakaenda kama wageni wenye adabu wanavyokwenda. Wakavuka mito, mmoja wa damu na mwingine wa usaha, wasinywe. Walipofika njia panda yenye barabara nne, nyekundu, nyeusi, nyeupe na ya manjano, ile nyeusi ikasema kwamba yenyewe ndiyo ya watawala, wakaiamini. Walipoingia barazani wakawasalimu waliokaa mbele, kumbe ni sanamu za mti zilizovikwa mavazi, na watawala wakaangua kicheko. Wakakaribishwa kukaa, benchi lilikuwa jiwe la moto. Usiku wakapewa mwenge mmoja na sigara mbili, wakaambiwa wavirudishe asubuhi vikiwa vizima kama walivyopewa, nao wakaviwasha na kuvimaliza, kama ambavyo mtu yeyote aliyepewa sigara angefanya. Kwa hilo wakauawa. Ukitafuta dhambi humo utaikosa. Utakachokuta ni watu waungwana waliokwenda kwa wenyeji wasiojua uungwana, na ambao hawakujua kwamba kila tendo la ukarimu lilikuwa mtego.

Kichwa cha Hun Hunahpu kilitundikwa kwenye mti mkavu, na mti ukazaa vibuyu papo hapo, hata kichwa kisitambulikane tena kati ya vibuyu. Hapa makala yenu ilimpitia mbio mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye mhimili wa masimulizi yote, naye ni Xquic, binti wa yule Cuchumaquic mkusanya damu. Alikwenda peke yake kuutazama mti uliopigwa marufuku, fuvu likasema naye, akanyoosha mkono wake wa kulia, likamtemea mate kiganjani. Alipotazama, kiganja kilikuwa kikavu, naye ana mimba. Mwandishi wenu anasema "jini alimpa mimba," na sijui jini huyo alimtoa wapi. Fuvu lenyewe linamweleza binti kwamba mate ni kizazi chake, na kwamba uso wa mtu haupotei anapokufa bali huendelea katika watoto wake.

Baba yake alipoiona mimba katika mwezi wa sita, akaamuru bundi wakamchinje na wamletee moyo wake kwenye bakuli. Xquic akawashawishi bundi wachukue utomvu mwekundu wa mti ulioganda ukawa na umbo la moyo, na watawala wakauchoma, wakafurahia harufu yake, wasijue. Mtu asiyejua lugha ataliona hilo kuwa hila ya kawaida ya hadithi. Lakini katika Kikiche neno quic, ambalo limo ndani ya jina la binti huyu, ni damu, na neno hilohilo ndilo utomvu wa mti, na ndilo pia mpira unaochezwa, kwa kuwa mpira wa Wamaya ulitengenezwa kwa utomvu. Sisi ndio tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko Waingereza na Wahispania, maana kwetu pia mpira ni mti, ni utomvu wake uliogandishwa, na ni kitu tunachokipiga teke uwanjani. Wakiche walikwenda hatua moja mbele, wakaingiza na damu. Kwa hiyo binti aitwaye Damu anapowapa watawala wa kuzimu utomvu badala ya moyo wake, hajatoka nje ya neno. Amewapa quic waliyoitaka, ila si ile waliyoikusudia. Ukiandika "aliwadanganya mashetani," kama ilivyoandikwa, umelifuta jambo hili lote.

Akapanda juu ya ardhi mpaka kwa mama mkwe wake, bibi kizee Xmucane, ambaye hakumwamini hata kidogo, na nani angeamini? Akamtuma shambani alete wavu uliojaa mahindi. Shamba lilikuwa na shina moja tu. Xquic akawaita walinzi wa chakula, akazivuta nywele za hindi bila kulichuma hindi lenyewe, na wavu ukajaa. Bibi kizee akadhani shamba lote limekwanguliwa, akakimbia kwenda kutazama. Akakuta shina liko palepale, na kando yake, kwenye udongo, alama ya wavu uliowekwa chini ukiwa na mzigo. Alama hiyo ndiyo iliyomfanya amkubali mkwewe.

Mapacha walizaliwa na kukua wakionewa na ndugu zao wakubwa, mambo ambayo makala iliyasimulia vizuri na sina haja ya kuyarudia. Panya ndiye aliyewaonyesha mavazi ya mpira ya baba yao yaliyofichwa juu darini. Wakacheza palepale alipocheza baba, na wito ukaja tena kutoka chini. Kabla ya kuondoka, kila mmoja akapanda hindi ndani ya nyumba ya bibi yao, ili likikauka ajue wamekufa.

Katika kushuka kwao ndimo inapoonekana tofauti kati ya mbinu zao na za baba yao, na ningependa wasomaji waitazame kwa karibu. Hunahpu aling'oa unywele wa mguuni mwake, akaufanya kuwa mbu, akamtuma atangulie. Mbu akaingia barazani, akamuuma wa kwanza: kimya. Akamuuma wa pili: kimya, kwa sababu wote wawili walikuwa mti. Akamuuma wa tatu, naye akapiga ukelele wa maumivu, na jirani yake akamuuliza kuna nini, Hun Came, nani amekuuma? Akamuuma huyo jirani, naye wa pembeni akamuuliza, kuna nini, Vucub Came? Hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu, kila mmoja akitajwa na mwenzake kwa jina. Mapacha walipoingia hawakuzisalimu sanamu. Walianza kwa Hun Came, wakamsalimu kwa jina lake, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka wote kumi na wawili wakawa wametajwa. Benchi wakalikataa, wakisema hilo si benchi, ni jiwe la moto. Na usiku, katika nyumba ya giza, walipopewa mwenge na sigara, wakaweka manyoya mekundu ya mkia wa kasuku mkubwa kwenye mwenge na vimulimuli kwenye ncha za sigara, hata walinzi wakaona kama vinawaka; asubuhi wakavirudisha vizima. Daktari anayekwenda kukabili ugonjwa huanza kwa kuutaja jina, na mapacha hawa walikuwa wakikabili maradhi kumi na mawili. Kwa hiyo makala inapowasifu kwa "upanga wa haki" inawavika silaha ambayo hawakuwa nayo. Walikuwa na mbu.

Nyumba nyingine za majaribu, ya visu, ya baridi, ya chui wakubwa wa huko na ya moto, walizipita kwa njia hiyohiyo ya kujua kila kitu kinataka nini: chui walipewa mifupa, na visu vikaahidiwa nyama za wanyama wote. Katika nyumba ya popo, ambamo waliulala usiku ndani ya mirija yao ya kuwindia kwa kupuliza, Hunahpu alichungulia nje kuona kama kumepambazuka, na popo Camazotz akamkata kichwa. Watawala wakakitundika uwanjani kuwa mpira. Xbalanque akamtengenezea nduguye kichwa cha boga, na katikati ya mchezo sungura aliyekuwa amejificha nje ya uwanja akaruka mbio kama mpira unaodunda, watawala wote wakamkimbilia, na Xbalanque akapata nafasi ya kubadilisha boga na kichwa. Mjukuu wangu alicheka sana hapo. Hakuhitaji kuelezwa sungura ni nani.

Ndipo mapacha wakakubali kufa. Hili makala iliita "kujitoa mhanga kwa ajili ya wanadamu," na naomba radhi, lakini humo hamna mhanga. Walijua kwamba shimo la moto limechimbwa kwa ajili yao, wakawafundisha waganga wawili, Xulu na Pacam, cha kuwajibu watawala watakapoulizwa mabaki yafanywe nini. Kisha wakashikana na kujitupa wenyewe motoni. Kwa ushauri wa waganga hao mifupa yao ikasagwa kama unga na kumwagwa mtoni, ambayo ndiyo njia waliyoitaka. Siku ya tano wakaonekana majini wakiwa na sura ya samaki, na kesho yake wakatokea kama maskini wawili wenye matambara, wachezaji ngoma wa kupita mitaani, ambao walichoma nyumba ikarudi nzima, wakamchinja mbwa akafufuka, na mwishowe Xbalanque akamchinja Hunahpu na kumwinua. Watawala wakapagawa kwa furaha, wakadai nao wafanyiwe. Mapacha wakamchinja Hun Came kwanza. Hawakumwinua.

Najua atakayenipinga ataelekeza kidole kwenye hukumu inayofuata, kwa kuwa mapacha wanawaambia watu wa Xibalba waliobaki kwamba tangu siku hiyo hawatapata tena damu safi wala kucheza mpira, na kwamba watu watakaokuwa wao ni wakosefu na wenye jeuri. Hapo, atasema, ndipo ilipo jehanamu. Lakini asome orodha mpaka mwisho: wamo pia wanyonge na wenye huzuni. Mahali ambapo mkosefu na mwenye huzuni wanawekwa kapu moja si mahali pa haki. Isitoshe, Xibalba haikuangamizwa. Ilishushwa cheo, sadaka yake ikawa utomvu tu na takataka, na maradhi yakabaki duniani kama tunavyoyajua.

Mambo mawili mengine nitayagusa kwa ufupi. Makala imesema kila timu iliyoshindwa katika mpira wa Wamaya ilikatwa vichwa. Katika uwanja mkubwa wa Chichen Itza, mji wa kale wa Wamaya huko Meksiko, wenye urefu wa meta 168 na upana wa meta 70, upo mchoro wa jiwe unaoonyesha mchezaji aliyekatwa kichwa, damu yake ikigeuka nyoka, na hakuna anayekana kwamba kulikuwa na kafara. Lakini mchezo huo, unaochezwa kwa nyonga na mpira mzito usio na hewa ndani, ulichezwa pia kwa burudani na kwa kamari katika mamia ya viwanja vidogo, na aina yake moja bado inachezwa Sinaloa, Meksiko, kwa mpira wa kilo 3 hadi 4, na wanaoshindwa hurudi nyumbani kula chakula cha jioni.

La pili ni dokezo la mwandishi kwamba hadithi yenyewe huenda ilitungwa kwa kuiga Biblia. Huko San Bartolo, Petén, mwaka 2001 iligunduliwa michoro ya ukutani iliyochorwa kiasi cha mwaka 100 KK, inayoonyesha mungu wa mahindi na ndege mkubwa wa angani wa masimulizi haya haya. Na katika vyombo vya udongo vya karne ya 7 na ya 8, mapacha wenyewe wapo, mmoja ana madoa meusi mwilini na mwenzake ana mabaka ya ngozi ya chui. Mhispania wa kwanza alikuwa bado mbali sana. Wala Wamaya si watu "waliotoweka," kama kichwa cha habari kilivyosema: wasemaji wa Kikiche pekee ni zaidi ya milioni moja, na Guatemala ilikitangaza Popol Vuh kuwa kitabu cha taifa mwaka 1972.

Nimeacha kwa makusudi sentensi ya mwisho ya makala hiyo, isemayo kwamba mapacha "walimfufua baba yao na wote wakapaa mbinguni." Nadhani najua ilikotoka. Vipo vyombo vya kale vinavyoonyesha mungu wa mahindi akichomoza kutoka kwenye gamba la kobe, pacha mmoja kila upande, na wataalamu wengi humtambua kuwa ni baba yao. Lakini mwandishi alisema anasimulia Popol Vuh, na humo mambo ni tofauti. Mapacha walikwenda mahali paitwapo Puzbal Chah, kando ya uwanja, alipozikwa, wakajaribu kumrudishia uso wake. Wakamtaka ataje sehemu zake kwa majina kama zilivyokuwa zamani. Akataja kinywa, akataja pua, akataja macho, na zaidi ya hapo hakuweza. Hawa waliowashinda watawala kumi na wawili kwa kuwataja majina hawakuweza kumtajia baba yao uso wake. Wakamwacha hapo hapo, wakamwambia kwamba jina lake halitapotea na kwamba watu watakuja kumwomba yeye kwanza, kisha wao wawili wakapanda angani, mmoja akapewa jua na mwingine mwezi.

Naomba masahihisho yachapishwe ukurasa uleule. Na wapangaji wenu wa herufi wasiibadilishe x kuwa z kama walivyofanya mara mbili, maana katika majina haya x husomwa sh, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuitamka bila taabu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Tanga